Sura ya Sita: Risasi za Bunduki ya Baba

Inspekta aliliweka ganda la risasi juu ya kaunta ya kioo, likiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki, na muuza bunduki akaacha kufuta miwani.

Duka lilikuwa tupu. Lilionekana kuwa tupu tangu asubuhi, na pengine tangu juzi. Kiti cha wateja kilikuwa na vumbi, na bunduki za ukutani zilipitishwa mnyororo mmoja kama wafungwa wanaosubiri gari. Muuza bunduki aliuinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha, akasoma maandishi ya kitakoni mwa ganda, kisha akatoa risasi ya kawaida kwenye droo na kuvilaza viwili hivyo pamoja. Urefu ulikaribiana. Mdomo wa ganda la Inspekta ndio ulikuwa mpana zaidi, unaingia kidole kidogo cha mtoto.

"Milimita tisa nukta tatu," akasema. "Hii umeitoa wapi, afande?"

"Kwenye nyasi."

Hapakuwa na haja ya kuongeza. Mji mzima ulijua. Wiki iliyopita mpima ardhi alikutwa amekufa bondeni, chini ya msitu, kando ya chombo chake cha kupimia kilichokuwa bado kimesimama wima juu ya miguu yake mitatu. Jioni hiyohiyo polisi walimkamata mkulima ambaye shamba lake lilikuwa likipimwa, kwa kuwa alishaapa mbele ya watu kwamba atakayesogeza mpaka wake atasogezwa yeye. Mkulima alikuwa na bunduki kweli, ila ya marisau, ile ya kufukuzia ndege, na hiyo haimtoboi mtu tundu moja kutoka mbali. Mkuu wa upelelezi alikuwa na jibu la hilo pia: kama hakutumia yake, aliazima. Jumatatu angefikishwa mahakamani. Mkewe alikuwa akishinda kwenye benchi la kituo, na kila Inspekta alipopita alisimama, akasubiri kuambiwa kitu, kisha akakaa tena.

Ganda lenyewe Inspekta alilipata peke yake, aliporudi juu ya kilima kinachotazama bonde lile baada ya wenzake kumaliza kupima na kuondoka.

Muuza bunduki alieleza kwamba bunduki za kipimo kile zilipendwa na wawindaji wa zamani. Zilikuwa na nguvu ya kumwangusha mnyama mkubwa bila kumvunja bega mpigaji. Lakini kila zama na kitabu chake. Siku hizi watu walitaka vipimo vinavyopatikana kila mahali, na yeye hakuwa ameagiza risasi za aina ile kwa miaka mingi. Nani angeagiza sanduku zima kwa ajili ya wateja watatu, mmoja wao marehemu?

Inspekta akataka kuwajua hao watatu. Bunduki moja ilikuwa kwenye makumbusho. Nyingine ilikuwa ya meneja mstaafu wa kiwanda cha mbao. Ya tatu ilikuwa ya mwindaji mmoja wa zamani aliyepewa jina la Mzee Nyayo, kwa sababu alikuwa akitembea ameinamisha uso hata akiwa sokoni, kama anayefuata mnyama.

"Huyo ndiye marehemu?"

"Nadhani," alisema muuza bunduki. "Mtu usipomwona miaka na miaka, utasemaje?"

Siku mbili zilizofuata Inspekta aliziandama bunduki. Konstebo, dereva wake, alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hata yeye maneno yalianza kumwishia. Kwenye makumbusho, mlinzi aliwafungulia kabati la kioo na kuwaonyesha kwamba bunduki ile ilishatolewa pini ya kufyatulia. Ilikuwa pambo tu. Meneja mstaafu aliwapokea kwa kiburi, akawatajia wakubwa anaofahamiana nao, akatoa bunduki yake stoo kwa mbwembwe. Konstebo alipochungulia ndani ya mtutu hakuona mwanga. Nyigu walikuwa wamejenga humo, na udongo wao ulishakauka ukawa kama saruji. Meneja akasema bunduki chafu haimpigi mtu. Inspekta akakubali kwamba hilo ni kweli kabisa, akaaga.

Nyumba aliyokuwa akiishi Mzee Nyayo mjini sasa ilikuwa saluni. Msusi hakuwahi kulisikia jina hilo. Jirani wa kushoto alisema mzee alikufa. Wa kulia alisema alichukuliwa na mwanawe. Wa tatu, mwenye kiosko ng'ambo ya barabara, aliapa kwamba alihudhuria mazishi yake, na alieleza hadi mvua iliyonyesha siku hiyo. Inspekta alipombana kidogo ikaonekana mazishi yale yalikuwa ya mtu mwingine, fundi baiskeli. Hapakuwa na mtu katika mtaa mzima aliyejua kwa hakika kama Mzee Nyayo yu hai, wala aliyeona ajabu kwamba hajui.

Mchana ule Inspekta alikula mkate na chai ya chupa ndani ya gari. Konstebo alikwenda kula na wenzake. Inspekta alikuwa na ganda mkononi, na aliligeuzageuza hadi chai ikapoa.

Kosa lake lilikuwa kutafuta bunduki. Bunduki huwekwa chini ya kitanda ikakaa miaka ishirini bila kumuuliza mtu kitu. Risasi hazina subira hiyo. Zikiisha, mwenye bunduki lazima aende akaombe, na kwa kipimo kama hiki angelazimika kuomba kwa watu wengi, maana wengi wangemwambia hakuna. Aliyeuliza angekuwa ameacha sauti yake mahali.

Alirudi dukani, safari hii kwa swali jingine. Muuza bunduki akafikiri, akatikisa kichwa, akafikiri tena. Ndiyo, kuna mtu aliyepiga simu, kabla ya mvua. Mwanamke. Alitaka risasi za bunduki ya baba yake, na kipimo alikisoma kwa shida, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika. Yeye alimwambia hana, ila alikumbuka kusikia kwamba mjane wa mwindaji fulani, mji wa pili, alikuwa akitaka kuvitoa nyumbani vitu vya mumewe. Alimwelekeza huko.

"Hukuniambia hili juzi."

"Juzi uliniuliza bunduki, afande. Hukuniuliza risasi."

*

Mjane aliishi ghorofa ya juu katika jengo la ngazi ndefu. Alifungua mlango kabla hawajabisha. Alikuwa amewasikia wakipanda. Inspekta akamwamkia, shikamoo mama, naye akaitika marahaba kwa kuivuta, akawakaribisha, akamzuia konstebo asikalie kiti kilichokuwa karibu na dirisha. Kile hakikaliwi, alisema, na hakueleza zaidi. Juu ya kiti kulikuwa na mto uliobonyea katikati.

Hakuficha kitu. Baada ya mumewe kufariki bunduki yake ilirudishwa serikalini, lakini kasha moja la risasi lilibaki nyuma ya kabati, na yeye aliogopa kulitupa na aliogopa kulishika. Mwanamke alipokuja kuliomba, alilitoa kama anayetoa panya aliyekufa. Alimpa bure. Inspekta akamweleza kwamba kumpa mtu risasi bila kibali ni kosa. Mjane akasema anajua sasa, wakati ule hakujua, na kama ni kufungwa basi wamngoje avae viatu.

"Alikuwa mtu wa namna gani, mama?"

"Mtoto mzuri. Alikunywa chai hapa, tukaongea mpaka jua likashuka. Alisema baba yake anakaa peke yake, haongei tena. Anakaa anaisugua ile bunduki kila siku, na risasi hana. Akaniambia, mama, nikimpelekea nguo anashukuru na kuziweka. Chakula anashukuru na kukiweka. Nataka nimpelekee kitu cha kumfanya asimame."

Mjane akakitazama kiti cha dirishani.

"Mimi nilimwelewa, mwanangu. Ningekuwa na mtu wa kumpelekea, hata mimi ningetafuta."

Namba ya simu ya yule mwanamke alikuwa nayo, kwa kuwa siku ya pili alimpigia kumshukuru. Hakuwahi kuifuta. Walipokuwa wakishuka, Inspekta alisikia mlango wa juu haujafungwa. Mjane alikuwa bado amesimama pale, akisikiliza viatu vyao hadi chini.

*

Namba iliwafikisha kwenye duka la dawa pembeni ya kituo cha mabasi. Mfamasia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi na macho ya mtu asiyelala. Alipoona kitambulisho cha polisi hakushtuka. Alimalizia kumhudumia mteja, akamweleza mara mbili kwamba dawa ile inywewe baada ya kula, kisha akageuza kibao cha mlangoni kilichosema Tumefunga. Wakaketi nyuma, katikati ya maboksi.

Maelezo yake ya kwanza yalikuwa mafupi. Risasi alizichukua, ndiyo. Baba yake alizikataa, na yeye akazitupa mtoni. Bunduki? Iliuzwa zamani. Kwa nani? Hakumbuki. Baba yuko wapi? Mbali, mgonjwa, hamtambui mtu.

Inspekta aliandika yote bila kubisha. Alimwacha akamaliza, kisha akamsimulia habari ya mkulima aliyeko mahabusu na mkewe anayeshinda kwenye benchi. Hakuuliza swali. Mfamasia akainuka, akaanza kunyoosha maboksi ambayo yalikuwa yamenyooka.

"Pengine ni ajali tu," alisema akiwa amewapa mgongo. "Mtu ameinama kwenye nyasi ndefu, ana koti la kahawia. Kwa mbali nani atajua ni mtu?"

"Nani amekwambia alikuwa ameinama?"

Mikono ya mfamasia ikasimama.

"Redio na magazeti yamesema alikutwa kando ya chombo chake, basi," Inspekta aliendelea, kwa sauti ileile. "Koti hakuna aliyelitaja. Hayo tunayajua sisi, na daktari, na aliyemwona kabla hajaanguka. Dada, keti."

Akaketi. Kisha akasema yote.

Asubuhi ile baba yake alimpigia simu, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya wakati yeye ni msichana na baba ndiyo kwanza anashuka kwenye lori la uwindaji. Alimwambia amepiga nguruwe pori, mkubwa, wa kahawia, aliyekuwa ameinamisha kichwa akichimba. Aliteremka kumtafuta lakini kulikuwa na ukungu, na magoti yalimgomea katikati ya mteremko. Hilo lilimuuma sana, maana mwindaji hamwachi mnyama aliyejeruhiwa. Akamwomba aje Jumapili wakamtafute pamoja. Yeye akacheka, akasema atakuja. Jioni akasikia habari redioni.

"Na Jumapili ulikwenda."

"Nilikwenda. Nikamwambia nguruwe wake watu walishamwokota. Redio yake nikaichukua, nikasema naipeleka kwa fundi."

"Kwa hiyo hajui."

"Hajui. Pale hafiki mtu, nani amwambie? Kila nikipiga simu ananiuliza kama nyama ilikuwa nzuri." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Nimeacha kumpigia."

Inspekta alimwambia anaweza kuja nao. Mfamasia akasema hawezi. Akawaeleza njia.

*

Nyumba ilikuwa nyuma ya kilima, upande ambao hauonekani kutoka bondeni, na ilifikiwa kwa barabara nyingine kabisa. Zamani ilikuwa ya wafanyakazi wa msitu. Siku ya pili ya upelelezi askari wawili walitumwa kuhoji wakazi wa upande huo. Waliikuta njia yake imemezwa na nyasi, wakaandika kwamba hapaishi mtu. Inspekta alipita njia hiyohiyo sasa, nyasi zikimfika kiunoni, mkono mmoja karibu na bastola, konstebo nyuma yake.

Mzee Nyayo alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa mrefu hata akiwa ameketi, na alielekeza uso kwenye sauti ya hatua zao kabla ya kuelekeza macho.

"Karibuni," alisema. "Mmekuja kwa ajili ya yule nguruwe."

Inspekta alimwamkia. Mzee akaitikia, akaendelea mwenyewe: leseni yake imekwisha, anajua, na kibali cha kuwinda hana. Kama ni faini atatozwa, na kama ni kunyang'anywa bunduki, basi. Alikuwa akiwangoja watu wa idara ya wanyama tangu siku ile. Aliyasema hayo kwa uchangamfu wa mtu aliyepata wageni, akainuka kwa kushika mwimo wa mlango ili awachemshie chai.

Inspekta alimwomba bunduki kwanza. Ilikuwa juu ya vigingi viwili ukutani, imepakwa mafuta, kitako chake kinang'aa kama benchi la kanisani, mahali panaposuguliwa na watu wengi. Lakini hii ilisuguliwa na mmoja. Aliikagua, akahakikisha haina risasi, akachukua kasha lililokuwa na risasi zilizobaki. Maandishi ya vitakoni mwake yalikuwa yaleyale ya kwenye ganda. Mzee alitafuta kikombe cha pili kwa muda, akakipata, akakipuliza vumbi.

Walikunywa chai wawili, konstebo akisimama mlangoni. Alitaka kujua wametoka mji gani, barabara ikoje, kama lile daraja la mbao lingalipo. Inspekta alimjibu kila swali. Kisha akamwomba awaonyeshe alipokaa siku ile, na kwa sauti ya chini akamwagiza konstebo ateremke bondeni.

Kilele hakikuwa mbali, lakini walipanda taratibu kwa ajili ya magoti yake. Kulikuwa na mwamba wa kuegemea, na hapo karibu ndipo ganda lilipopatikana. Mzee aliketi, akanyoosha mkono pasipo kusita.

"Pale. Chini ya ule mti uliopinda."

"Sasa hivi unaona nini pale, baba?"

Mzee akakaza macho. Jua lilikuwa juu, hakukuwa na ukungu hata chembe.

"Nyasi," alisema. "Na kisiki." Akajisogeza mbele. "Kisiki sikukiona siku ile."

Inspekta akavua kofia yake, akaipunga hewani.

Kisiki kikasimama. Kikainua mkono, nacho kikapunga.

Mkono wa Mzee Nyayo ulikuwa bado umenyooshwa, kisha ukashuka polepole, ukatua kwenye goti.

"Yule ni mtu," alisema.

"Ni konstebo wangu. Alikuwa ameinama."

"Na siku ile."

"Alikuwa mpima ardhi, baba. Alikuwa anaangalia chombo chake."

Upepo ulipita kwenye nyasi ukaondoka. Kule chini konstebo aliendelea kusimama, hajui kama ashushe mkono au la. Mzee aliuliza kama alikufa palepale. Inspekta alisema daktari anadhani hivyo. Aliuliza kama alikuwa na watoto, akaambiwa wawili. Akauliza majina yao. Inspekta alimtajia, naye akayarudia moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anayepewa dawa ya kunywa.

"Ndiyo sababu mwanangu alichukua redio," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ameacha kupiga simu. Nilidhani nimemchosha." Alipitisha kiganja usoni. "Afande, andika risasi nilikuwa nazo zamani. Zilikuwa sandukuni."

"Siwezi, mzee wangu. Aliyezitoa ameshasema, na aliyezipokea ameshasema."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakuomba tena.

Inspekta alisimama kando, akampigia mkuu wa upelelezi. Alimweleza kwa maneno machache: bunduki ipo, risasi zipo, aliyepiga yupo na amekiri. Mkuu akasema mkulima ataachiwa jioni. Inspekta akamwomba asingoje jioni. Mkewe yuko hapo hapo nje, kwenye benchi.

Kuteremka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Mzee alikataa kushikwa mkono. Nyumbani alizima jiko, akamwaga chai iliyobaki, akaosha vikombe vyote viwili na kuvifunika. Alivaa koti. Pingu Inspekta aliziacha mfukoni. Mzee alifunga mlango kwa kamba, kwa kuwa kufuli hakuwa nalo, hajawahi kulihitaji.

Kwenye gari konstebo alifungua mlango wa nyuma, kama utaratibu ulivyo. Mzee Nyayo akasimama, ameushika mlango ule bila kuingia.

"Nikae mbele?" aliuliza. "Nyuma sitasikia mkiongea."

Konstebo akamtazama Inspekta. Inspekta akamwachia mzee kiti cha mbele, yeye akaingia nyuma, nyuma ya wavu, na bunduki akailaza magotini. Gari likaondoka likizilaza nyasi za njiani. Kisha mzee akamgeukia dereva, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani, na konstebo, akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, akaanza kumweleza.